Barua ya wazi kwa wahariri: nyumba hazibomoki zenyewe

Ndugu Wahariri wa vyombo vya habari vya Kiswahili,

Siwaandikii kulalamikia habari za uongo. Hizo siku hizi zina wakaguzi wake, na baadhi yao mmewaajiri wenyewe. Nawaandikia kuhusu habari za kweli: zile ambazo kila jina liko sawa, kila tarakimu imehakikiwa, kila aliyenukuliwa alisema kweli maneno yale, na bado msomaji akimaliza kusoma anakuta ameshachaguliwa upande wa kusimama bila kuulizwa.

Nawaandikia ninyi, si waandishi wenu. Mwandishi anaweza kuleta sentensi yoyote kutoka eneo la tukio, lakini kichwa cha habari kinaandikwa mezani kwenu, na mazoea ya chombo, yaani neno lipi "ndilo letu" na lipi "hatulitumii hapa", yanarithiwa kutoka kwa mhariri msanifu mmoja hadi mwingine bila mtu kuuliza yalianza vipi.

Chukueni sentensi hii. Nimeitunga mimi, asije akatokea mtu akadhani namsema yeye, ila sidhani kama kuna mmoja wenu atakayeiona ngeni:

"Watu watatu wamefariki dunia na nyumba kadhaa kubomoka katika vurugu zilizozuka wakati wa zoezi la kuwaondoa wavamizi katika eneo la mradi."

Tuanze na nyumba. Kiswahili kinatupa njia kadhaa za kueleza nyumba iliyoanguka. "Askari walibomoa nyumba": mtendaji yuko mbele, hana pa kujificha. "Nyumba zilibomolewa na askari": bado yupo, amesogezwa nyuma. "Nyumba zilibomolewa": ametoka, lakini ile -w- imebaki inamnyooshea kidole, na msomaji makini atauliza zilibomolewa na nani. "Nyumba zilibomoka": hapo hakuna tena wa kuulizwa. Hiyo ndiyo kauli ya kutendeka, tunayoitumia kwa ukuta uliokunywa maji ya mvua mpaka ukalegea. Sarufi yake haina hata pa kumweka mtendaji. Hakuna asemaye "nyumba zilibomoka na askari".

Wanaoandika kwa Kiingereza wamelumbana miaka mingi juu ya kauli ya kutendwa na jinsi inavyoficha wenye makosa. Sisi tuna chombo chenye nguvu kuliko hicho, tunakitumia kila siku, na sijaona kikijadiliwa kwa uzito huo. Fedha za umma zimepotea. Nyaraka zimeharibika. Mkataba umevunjika. Maji yamekatika. Kila kimoja kati ya hivyo kina mtu aliyekifanya au aliyeacha kufanya wajibu wake, na kila kimoja kimeandikwa kana kwamba ni hali ya hewa.

Turudi kwenye sentensi. "Wamefariki dunia" ni msemo wa staha, na staha ni jambo jema. Mzee aliyeugua muda mrefu akazungukwa na wanawe hufariki dunia. Aliyepigwa risasi ya kifua ameuawa. Ukimwandikia wa pili maneno ya wa kwanza, adabu ya lugha inageuka pazia. Na "wamepoteza maisha" nayo haisaidii kitu, kana kwamba waliyaangusha njiani.

"Vurugu zilizozuka": zilizuka zenyewe, kama uyoga. "Zoezi" ni neno la darasani na la kiwanja cha michezo. Sasa limepewa kazi ya kutaja tingatinga. Halafu linakuja "wavamizi", na hapa naomba msimame kidogo. Katika sentensi nzima, hilo ndilo neno pekee linalomtwika binadamu kitendo. Nyumba zilibomoka, vurugu zilizuka, watu walifariki, zoezi lilifanyika. Waliotenda jambo ni hao tu: walivamia. Waliokufa ndio watendaji pekee wa habari ya vifo vyao. Kama mgogoro wa ardhi ile bado uko mahakamani, basi "wavamizi" ni dai la upande mmoja, nanyi mmelichapa bila hata "wanaodaiwa", neno mnalolikumbuka haraka sana anapotajwa mtu mwenye wakili.

Sasa isomeni upya: "Askari waliokuwa wakibomoa nyumba ili kupisha mradi wamewapiga risasi na kuwaua wakazi watatu waliokuwa wakipinga kuondolewa." Kama haijathibitika nani aliyefyatua, andikeni hivyo: watu watatu wameuawa kwa risasi askari walipokuwa wakibomoa nyumba, na haijafahamika risasi zilitoka kwa nani. Hiyo nayo ni habari, tena ni habari kubwa. Sikuongeza tusi wala kivumishi hata kimoja, na sikumwita mtu yeyote katili. Mara nyingi tunapozungumzia upendeleo tunatafuta vivumishi vikali, tukidhani itikadi inakaa huko. Inakaa kwenye vitenzi, na katika uamuzi wa nani atangulie kwenye sentensi.

Jambo hili lilishachambuliwa zamani, tena kwa tukio la Afrika. Tarehe 1 Juni 1975 polisi wa Rhodesia waliufyatulia risasi umati katika kitongoji cha Highfield, Salisbury, mji ambao leo ni Harare. Kesho yake magazeti mawili ya Uingereza yaliripoti vifo 11. Kichwa cha habari cha The Guardian, kwa Kiswahili chetu, kilisema polisi wawaua kwa risasi 11 katika ghasia za Salisbury. Cha The Times kilisema weusi wafanya ghasia wauawa kwa risasi na polisi wakati viongozi wa ANC wakikutana. (ANC hiyo ni African National Council ya Rhodesia, si chama cha Afrika Kusini.) Mtafiti Tony Trew aliviweka vichwa hivyo sambamba katika uchambuzi uliotoka mwaka 1979, miongoni mwa kazi za kundi la wanaisimu wa Chuo Kikuu cha East Anglia.

Hakuna kati ya magazeti hayo mawili lililodanganya. Lakini katika The Times waliokufa wanaingia kwanza, tena wanaingia na hatia mabegani: kabla hatujajua wamefanywa nini, tumeshajua ni wafanya ghasia. Polisi wanafika mwishoni. Kisha kikabandikwa kikao cha viongozi wa Kiafrika, msomaji ayaone mauaji kuwa sehemu ya migogoro ya Waafrika wenyewe. Trew alionyesha jinsi taarifa zilizofuata zilivyozidi kumfifisha aliyefyatua risasi, mpaka zikabaki ghasia na vifo tu. Na msiwatakase The Guardian pia: nao waliandika "ghasia", wakiufuata msamiati wa serikali ya Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, hata walipowataja polisi kwanza.

Mwaka 2005, baada ya kimbunga Katrina kuufurikisha mji wa New Orleans, Marekani, picha mbili za mashirika tofauti ya habari zilisambaa pamoja kwenye tovuti ya Yahoo. Zote zilionyesha watu wakipita majini na vyakula. Maelezo ya picha ya kijana mweusi yalisema amepora duka. Ya wale wawili weupe yalisema wamepata mkate na soda dukani. Wapiga picha walikuwa wawili na kila mmoja alijitetea kwa alichokiona, na sina haja ya kuwahukumu. Ninachojua ni kwamba maneno yale yalipita mikononi mwa wahariri.

Nimekusudia kutochukua mfano wangu mkuu kutoka RTLM, redio ya Rwanda iliyowaita Watutsi mende mwaka 1994, ambayo wakuu wake walitiwa hatiani huko Arusha mwaka 2003. Kila mhariri hulaani redio ile, na baada ya kulaani hurudi kazini akiwa ameridhika kwamba yeye si kama wao. Mimi nahofia maneno mapole.

Hebu tutazame vitenzi vya kunukuu, maana hapa Kiswahili cha habari kimejijengea ngazi za vyeo. Kiongozi hubainisha. Hufafanua, huweka wazi, husisitiza, huhakikisha. Mwananchi hulalamika, husimulia, hudai. Mpinzani wa kisiasa hudai, hutuhumu, huibua. "Kubainisha" maana yake ni kuliweka jambo dhahiri lionekane. Huwezi kubainisha uongo. Kwa hiyo kila mnapoandika "Waziri alibainisha kuwa wananchi wote walilipwa fidia" mmeshatoa hukumu kwamba walilipwa. Na mnapoandika "mama huyo alidai kuwa nyumba yake ilibomolewa", ilhali mwandishi wenu amesimama juu ya matofali ya nyumba hiyo na mpiga picha wenu anayapiga picha, mmemtilia mama shaka ambayo hamkumtilia waziri. Kitenzi "alisema" kipo. Ni kifupi, hakimwinui mtu wala kumshusha. Naambiwa darasani waandishi hufundishwa kukiepuka kwa sababu kinachosha. Acheni kichoshe.

Halafu kuna "watakiwa". Wananchi watakiwa. Wazazi waaswa. Vijana wahimizwa. Wakulima washauriwa. Wafanyabiashara waonywa. Fungueni ukurasa wowote wa habari na mtakutana na ukoo huo wote umeketi. Anayetaka, anayeasa na anayeonya mara nyingi hatajwi kwenye kichwa cha habari, kwa kuwa hana haja ya kutajwa: ni yule yule. Mwananchi katika sarufi hii ni mtu wa kupokea maagizo, na kosa la kila jambo liko kwake kabla habari haijaanza. Kipindupindu kimeingia? Wananchi watakiwa kunawa mikono. Kama bomba la maji halijafika kwao, hilo litatafutwa aya ya nane, likiwepo. Geuzeni: "Waziri atakiwa na wakulima kueleza mbolea iliko." Kisarufi iko sawa kabisa. Mbona inasikika kama utovu wa adabu? Hapo ndipo itikadi ilipolala. Itikadi haina haja ya kuwa rangi za chama au hotuba ya jukwaani. Ni yale ambayo yakigeuzwa tu, sikio linashtuka.

Najua chanzo chake kimoja, nacho hakihusiani na sarufi. Mwandishi hupelekwa kwenye uzinduzi, semina au ziara, mara nyingi kwa usafiri na posho ya aliyeandaa, na kinachopatikana huko ni hotuba. Hotuba inageuzwa habari. Aliyehutubia anakuwa mtendaji, waliohutubiwa wanatendwa. Ndugu yake wa damu ni kile kichwa cha habari kinachosema kiongozi fulani "atoa mabilioni" kwa ajili ya shule au daraja, kana kwamba alizichomoa mfukoni mwake. Zile ni kodi. Zimetolewa na wanaosoma gazeti.

Msamiati wa mauaji ya wanawake nao unahitaji barua yake, nitagusa kimoja. "Amuua mkewe kwa wivu wa mapenzi." Sababu hiyo imetoka kwa nani? Ama kwa muuaji ama kwa polisi waliomhoji muuaji. Aliyekufa hawezi kukanusha. Nanyi mnaichapa kwa herufi kubwa kama chanzo kilichothibitishwa, na neno "mapenzi" linabaki limelainisha kila kitu. Andikeni kwamba amemuua. Sababu itajeni pale alipoitaja mshtakiwa, na mseme ni yeye aliyeitaja.

Na "wahamiaji haramu". Tarehe 2 Aprili 2013 shirika la habari la Associated Press lilitangaza kwamba mwongozo wake hautaruhusu tena kumwita mtu haramu, bali kitendo tu: mtu anaweza kuishi nchini au kuingia kinyume cha sheria, yeye mwenyewe hawi kinyume cha sheria. Sisi tulikuwa na sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo, na hatujafanya. Neno lao lilitoka mahakamani. Letu limetoka katika dini, ambako haramu ni kitu ambacho Mungu amekikataza, na ndilo tunalomtupia mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa tunapotaka kumuumiza. Tumelichukua tukalibandika kwa mtu aliyekosa kibali. "Wasio na kibali" ni maneno yanayoeleweka na kila mtu, na yanasema hasa kilichopungua.

Najua mtakalojibu, nami nimelifikiria.

Mtasema nafasi ni finyu. "Polisi waua 11" ni fupi kuliko kila kichwa cha habari nilichokitaja hapa.

Mtasema kuna sheria ya kashfa na kuna kesi zinazoendelea. Ni kweli, na hapo nawaunga mkono: tofauti ya mtuhumiwa, mshtakiwa na aliyetiwa hatiani lazima ilindwe, na pale mtendaji asipojulikana kauli ya kutendwa ndiyo ya uaminifu. Ninachouliza ni kwa nini tahadhari hiyo inaelekea upande mmoja. "Majambazi watatu wauawa katika majibizano ya risasi na polisi." Nani aliyethibitisha kwamba walikuwa majambazi? Hakuna hakimu aliyewasikiliza na hakuna atakayewasikiliza. Nani aliyeona majibizano? Taarifa nzima, mara nyingi, ina chanzo kimoja, nacho ni upande ulionusurika. Hapo "wanaodaiwa" lilikwenda wapi?

Mtasema, kwa sauti ya chini, kwamba kuna leseni, kuna matangazo ya biashara, kuna simu zinazopigwa usiku. Hilo silichukulii kwa wepesi. Wenye mamlaka wanajua uzito wa maneno kuliko sisi wasomaji: Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, mdhibiti wa vyombo vya habari aliviagiza vyombo visiseme "vita" wala "uvamizi", na mapema Machi ikapitishwa sheria yenye kifungo cha hadi miaka 15 kwa atakayesambaza "taarifa za uongo" kuhusu jeshi. Kilichoruhusiwa ni "operesheni maalumu ya kijeshi". Lakini wengi wenu hamko katika hali hiyo. Sehemu kubwa ya ninayoyaeleza hapa hakuna aliyewaagiza. Hakuna aliyepiga simu kudai muandike "kubomoka". Mliandika kwa mazoea, na mazoea hayahitaji kibali cha mtu kuyavunja.

Wala sidai kuna lugha isiyo na upande, kwamba tukishafuta maneno mabaya tutabaki na kioo kitupu. Hata kuchagua kuanza na mkazi badala ya askari ni kuchagua. Ninachotaka ni kwamba uchaguzi ufanywe na mtu anayejua anachagua, na awe tayari kuulizwa. Gazeti la New York Times lilikaa miaka mingi likiyaita mateso ya wafungwa wa CIA "mbinu kali za kuhoji" na mengine ya namna hiyo, mpaka Agosti 2014 mhariri wake mkuu, Dean Baquet, alipotangaza kwamba watasema "mateso". Walichelewa mno, na wakosoaji wao waliwaambia hivyo. Lakini uamuzi ulikuwa na jina la mtu chini yake. Mwaka 2019 The Guardian walifanya vivyo hivyo walipoamua kupendelea "dharura ya tabianchi" kuliko "mabadiliko ya tabianchi". Mtu anaweza kuwapinga, kwa kuwa anajua waliamua nini na lini.

Basi ombi langu kubwa ni hilo: toeni hadharani mwongozo wenu wa lugha. Kila chombo kinao, hata kama uko kichwani mwa msanifu mkongwe tu. Uandikeni, tuusome. Semeni mnamwita nani gaidi na kwa kigezo gani, maana mashirika mnayotafsiri habari zake, Reuters mojawapo, yana tahadhari ndefu juu ya neno hilo, na tahadhari hiyo inaweza kumwagika yote njiani kati ya Kiingereza na Kiswahili, "wapiganaji" wakaondoka kule wakafika huku "magaidi". Semeni lini mtaandika "aliuawa" na lini "alifariki". Mkiona nimekosea kuhusu "zoezi", nielezeni.

La pili ni dogo na linaweza kufanyika kesho. Kabla ya kikao cha asubuhi, mmoja wenu achukue toleo la jana na kalamu. Apige mstari chini ya kila "alibainisha" na kila "alidai", na pembeni aandike anayenukuliwa ni nani: waziri, mkulima, kamanda, mchuuzi, mbunge, mama mwenye nyumba. Matokeo yachapisheni kwenye ukurasa wa maoni, yawe mazuri au mabaya. Nitayasoma, na nikikuta wakulima wamebainisha na mawaziri wamedai nitawaandikia tena kuwaomba radhi.

Msomaji wenu.